Kabla ya kununua injini nyingine, chunguza kilichoiua ya kwanza

WENYE magari makubwa yaliyozeeka jijini Nairobi huijua safari ya Barabara ya Kirinyaga jinsi mgonjwa anavyoijua njia ya hospitali. Siku injini inapokata roho, ndiko fundi anakowaelekeza, na ndiko wanakokuta injini zilizokwisha kutumika nchini Japani zikiwa zimepangwa sakafuni, moja juu ya mbao, nyingine juu ya gurudumu kuukuu.

Barabara hiyo iliyo upande wa Mto Nairobi iliitwa Grogan enzi za ukoloni, na hadi leo wengi wangali wanaiita hivyo. Humo, swali la kwanza analouliza mnunuzi ni bei. Muuzaji humjibu mara moja, wakavutana kidogo, wakapatana, na jioni hiyo injini ikapakiwa kwenye mkokoteni au pikapu kuelekea gereji.

Ni biashara ya haraka, lakini aghalabu majuto yake hayachelewi. Baada ya miezi michache gari hilo hilo huonekana likivutwa kwa kamba katika Barabara ya Ngong au Waiyaki Way, injini ya pili ikiwa imekufa kwa maradhi yale yale yaliyoiua ya kwanza.

Sababu ni kwamba mwenye gari alinunua injini bila kuuliza ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Injini ya dizeli iliyotunzwa vyema huweza kutembea mamia ya maelfu ya kilomita. Ikifa mapema, aghalabu imeuawa na joto, oili iliyopuuzwa, vumbi au dizeli chafu. Mambo hayo hayatoki garini pamoja na injini iliyokufa. Rejeta hubaki pale pale, tangi la dizeli hubaki pale pale, na mazoea ya dereva hubaki pale pale.

Mfano wa Prado

Mfano unaofaa kueleza jambo hili ni Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha mfululizo wa 90, iliyoundwa kati ya 1996 na 2002. Magari haya yalipendwa sana nchini na idara za serikali, mashirika ya misaada na familia zenye uwezo. Leo mengi yamo mikononi mwa mmiliki wa tatu au wa nne, naye huyatumia kupeleka watoto shuleni, kwenda kazini mjini na kuzuru mashambani wakati wa likizo.

Prado kama hiyo haiwezi tena kuagizwa kutoka ng'ambo. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayelipenda gari lake hana njia ya kupata jingine la aina hiyo kutoka Japani. Analoweza ni kulifufua alilo nalo, au kununua la mwenzake ambalo pengine lina maradhi yake yaliyofichwa.

Prado nyingi za dizeli za kizazi hicho zina injini inayoitwa 1KZ-TE. Ni ya silinda 4, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,982, na ina tabo, yaani pangaboi inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Herufi T katika jina lake huonyesha kuwepo kwa tabo hiyo, na E huonyesha kwamba dizeli yake hupimwa kwa mfumo wa elektroniki.

Ni injini yenye nguvu na inayosifiwa na mafundi. Hata hivyo ina udhaifu mmoja unaojulikana kote inakotumika: haisamehi joto. Ikichemka, kifuniko cha silinda, ambacho mafundi hukiita hedi, huweza kupata ufa katikati ya vali. Maji hupenya ndani ya silinda, na moshi wa silinda hupenya ndani ya maji.

Dalili zake ni hizi. Maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanapovujia. Mapovu hutokea rejetani injini inapozungushwa. Bomba la juu la rejeta huwa gumu kama jiwe hata kabla injini haijapata moto sawasawa. Moshi mweupe hutoka asubuhi. Anayeziona dalili hizi na kuendelea kuongeza maji kila siku anakumbushwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hedi ni ufa, na injini nzima ni ukuta.

Kwa nini Nairobi huchemsha injini

Jiji la Nairobi lipo juu. Katikati ya jiji ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyoelekea magharibi kupitia Kilimani na Lavington, ardhi huinuka. Dagoretti inakaribia mita 1,800. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100.

Injini nayo hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 85 hadi 95. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke ni kizibo chake, ambacho kina springi ya kuhifadhi shinikizo. Kizibo kizima huyawezesha maji kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikichoka, maji huanza kutokota katika joto ambalo ni la kawaida kwa injini. Gari ambalo lingesalimika Mombasa huchemka Kawangware kwa sababu ya kizibo kilichochakaa.

Jambo la pili ni msongamano. Gari linapokwenda kasi, upepo huipoza rejeta. Linaposimama dakika 40 kati ya mzunguko wa magari wa Dagoretti Corner na Adams Arcade, kazi yote huachiwa feni. Feni ya Prado huzungushwa kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani yake. Mafuta hayo yakipungua kwa uzee, feni huzunguka kivivu na upepo haufiki. Mtu akitazama haraka ataiona inazunguka na kudhani ni nzima.

La tatu ni milima. Familia iliyokwenda Narok au Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu hurudi kwa kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi kimo cha zaidi ya mita 2,000, gari likiwa limejaa watu na mizigo, nyuma ya malori yanayotambaa. Injini hutoa joto jingi huku gari likienda polepole. Ni hapo magari mengi mazee huegeshwa kando ya barabara boneti ikiwa wazi.

La nne ni desturi za gereji. Fundi akiona gari linachemka huondoa thamostati, kile kilango kinachodhibiti mzunguko wa maji, na kumwambia mteja kwamba hapa Afrika haihitajiki. Tena rejeta hujazwa maji matupu ya mfereji badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Baada ya miaka kadhaa njia za maji huziba kwa kutu, na hakuna anayekumbuka chanzo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Kirinyaga, mwenye gari anapaswa kumtaka fundi aifungue injini iliyokufa na kumwonyesha kwa macho kilichoharibika. Pistoni iliyoyeyuka husema jambo moja, hedi iliyopasuka husema jingine, na krenki iliyokauka oili husema la tatu. Gharama ya kufungua ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kununua injini mara mbili.

Njia nne

Sababu ikishajulikana, mwenye gari ana njia nne mbele yake.

Ya kwanza ni kuifanyia ukarabati kamili injini ile ile, kazi ambayo mafundi huiita ovahoo. Silinda hupimwa, na zikiwa zimelika huchongwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Krenki husuguliwa, ringi na beringi hubadilishwa, na hedi hupimwa nyufa au kununuliwa mpya. Faida yake kubwa ni kwamba historia ya injini inajulikana na nambari yake haibadiliki. Hasara yake ni kwamba bei kamili haijulikani hadi injini ifunguliwe na kupimwa, na kazi yote hutegemea uaminifu wa fundi na vipuri visivyo bandia.

Ikiwa hedi peke yake ndiyo iliyopasuka na silinda zingali na afya, njia hii aghalabu ndiyo bora. Ni kosa kuitupa injini nzima kwa sababu ya kifuniko chake.

Njia ya pili ni kununua injini iliyotumika ya jina lile lile, 1KZ-TE kwa 1KZ-TE. Kazi ya kuifunga ni fupi kwa kuwa giaboksi, waya na kompyuta ya gari vinaitambua. Lakini jina pekee halitoshi. Injini hii ilitiwa pia katika Hilux Surf na katika baadhi ya magari ya Hiace na Granvia. Ile iliyotoka katika basi dogo huweza kutofautiana na ya Prado kwa bakuli la oili, vishikizo na mabomba. Ndiyo sababu haifai kuiuza injini ya zamani wala kuitoa kama sehemu ya malipo kabla mpya haijawaka na kutembea. Vifaa vyake vya nje huhitajika.

Njia ya tatu ni kutia injini ya aina nyingine, na hapa ushauri wa vijiweni ni mwingi. Wapo wanaopendekeza 5L, dizeli isiyo na tabo iliyoenea katika matatu za Hiace, kwa hoja kwamba vipuri vyake hupatikana kila pembe na haina elektroniki. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijamaliza hesabu.

1KZ-TE hutoa nguvu-farasi kati ya 125 na 140 kulingana na mwaka na soko. 5L hutoa karibu 100. Tena kwa kuwa 5L haina tabo, wepesi wa hewa ya Nairobi huinyang'anya takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu hizo, ambapo injini yenye tabo huathirika kidogo tu. Zinazobaki ni kama nguvu-farasi 83 za kuvuta gari lenye uzito wa karibu kilo 1,900 kabla ya abiria. Mwenye gari asiyetoka Westlands huenda asijali. Anayepanda kutoka Mai Mahiu kila mwezi atajuta.

Wengine hupendekeza 1KD-FTV, injini iliyoirithi 1KZ-TE tangu 2000, yenye ujazo ule ule lakini nguvu zaidi na ulaji mdogo wa dizeli. Mfumo wake hulisha nozeli zote kutoka bomba moja lenye shinikizo la zaidi ya bar 1,000. Huo ni mfumo usiovumilia uchafu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalichanganywa na dizeli na wafanyabiashara walaghai kwa sababu yalikuwa na ushuru mdogo, hadi serikali ilipoanza kuyatoza Sh18 zaidi kwa kila lita mnamo Septemba 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli.

Tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya imepunguzwa salfa hadi sehemu 50 katika milioni, na hilo limezifaa injini za kisasa. Hata hivyo, anayetia 1KD katika gari lililoundwa kwa 1KZ atahitaji pia kompyuta yake, waya zake na kanyagio lake la mafuta. Asipouziwa vitu hivyo pamoja na injini, atakuwa amenunua chuma. Wanaojua kazi hii hutafuta nusu nzima ya mbele ya gari, si injini peke yake.

Kuhamia petroli, kwa mfano 5VZ-FE ya silinda 6 na ujazo wa 3,378, kunahitaji mabadiliko hadi ndani ya tangi la mafuta. Injini hiyo hunguruma kwa utulivu na hudumu, ila kiu yake humfilisi anayeshinda kwenye foleni.

Njia ya nne ni kuliuza gari jinsi lilivyo. Ikiwa fremu imeliwa na kutu, giaboksi inateleza na magurudumu yanatikisika, injini mpya ni sawa na kumvisha maiti suti. Hili ni shauri gumu kwa anayelipenda gari lake, lakini linafaa kuwekwa mezani pamoja na mengine.

Jinsi ya kuipima iliyotumika

Injini iliyolazwa sakafuni haina mita ya kilomita, na maneno ya muuzaji kwamba imetembea kidogo hayawezi kuthibitishwa. Lakini injini yenyewe husema.

Kifuniko cha oili kikifunguliwa, weusi mzito kama lami huonyesha oili iliyopitisha muda. Rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia. Njia za maji zikiwa na kutu nyekundu, injini hiyo ilitumia maji matupu. Mhimili wa tabo ukishikwa kwa vidole haupasi kugusa kuta zake. Krenki ikizungushwa kwa spana inapaswa kwenda bila kukwama.

Kipimo kikubwa zaidi ni cha mgandamizo wa silinda. Muuzaji mwenye nia njema atakubali injini izungushwe kwa betri na starta huku kila silinda ikipimwa. Kwa kuwa hewa ya Nairobi ni nyepesi, nambari zitakuwa chini ya zile za kitabu cha kiwanda, na hilo si la kushtua. Cha kutazamwa ni ulinganifu. Silinda moja isiwe chini ya nyingine kwa zaidi ya bar 5.

Hata ikifaulu, hedi ya 1KZ-TE hustahili kuondolewa na kupimwa nyufa kabla ya kufungwa garini, kwa sababu hakuna ajuaye kama iliwahi kuchemka huko ilikotoka. Wakati huo huo hubadilishwa mkanda wa taimingi, pampu ya maji, thamostati na sili za krenki. Vitu hivi hufikiwa kwa urahisi injini ikiwa chini. Ikishafungwa, mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni na hesabu huanza upya.

Rejeta ipelekwe kwa fundi wa rejeta ifunguliwe na kusafishwa, au ibadilishwe. Kizibo kinunuliwe kipya. Klachi ya feni ipimwe. Tangi la dizeli lishushwe na kuoshwa. Kazi hizi ndizo zinazomtofautisha anayebadilisha injini na anayeirudishia gari maradhi.

Stakabadhi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha usajili wa gari, na sheria ya trafiki inataka maelezo ya gari yalingane na yale yaliyosajiliwa. Anayetia injini nyingine hana budi kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya 2012. Maombi hupitia mtandao wa eCitizen, na mwombaji hutakiwa kuonyesha injini ilikotoka na gari kukaguliwa.

Hapo ndipo risiti ya Kirinyaga inapopata thamani. Risiti iliyoandikwa "injini moja" haimsaidii mtu. Inayofaa ni ile yenye jina la duka, tarehe, aina ya injini na nambari yake kamili, pamoja na nakala ya karatasi za forodha zilizoiingiza nchini. Muuzaji asiyeweza kutoa hizo anaweza kuwa anauza injini iliyong'olewa katika gari la mtu usiku. Kabla ya kulipa, nambari iliyochongwa kwenye bloku itazamwe kama imesuguliwa au kugongwa upya.

Anayelipuuza jambo hili huligundua siku ya kuuza gari, ambapo mnunuzi hulinganisha nambari na kuondoka zake, au siku ya ajali, ambapo kampuni ya bima hupata sababu ya kuchelewesha fidia.

Hesabu ya mwisho

Baada ya yote hayo ndipo bei inapoulizwa, na inayoulizwa si ya injini pekee. Kuna usafiri, kazi ya fundi, mkanda na pampu, oili na chujio, rejeta, dawa ya maji, ukaguzi na ada za usajili. Mwenye gari anayeandika vitu hivyo vyote kwenye karatasi moja, akilinganisha ovahoo na injini iliyotumika, mara nyingi hugundua kwamba ile iliyoonekana rahisi siyo rahisi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Hakikisho la muuzaji nalo liandikwe: ni siku ngapi, linahusu nini, na ni nani atakayelipa kazi ya kuishusha injini ikikataa. Ahadi ya mdomo ya "ukipata shida rudi" huisha mnunuzi anapovuka mzunguko wa Globe.

Injini mpya ikishawaka, wiki za kwanza ni za kuikesha kama mtoto mchanga. Maji hutazamwa kila asubuhi kabla ya kuwasha, oili hubadilishwa mapema, na jicho la dereva halibanduki kwenye mshale wa joto. Ukipanda kupita pale ulipozoea kukaa, gari husimamishwa papo hapo, hata kama ni katikati ya foleni ya Barabara ya Ngong na wenye matatu wanapiga honi. Zile dakika 5 ambazo dereva huona aibu kusimama ndizo huua injini nyingine.